UZI: Ubeti wa mwanafunzi wangu, neno "matanga", na picha zinavyobeba hisia katika mashairi ya bahari na mashamba

MwalimuWaGhubani (Mikindani)
Ijumaa, saa 3:20 usiku

Habari zenu wadau.

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Mtwara. Wiki nzima nimekaa na ubeti mmoja wa mwanafunzi, na nimeona niulete hapa kwa sababu jukwaa hili lina watu wanaoijua bahari na watu wanaoujua ushairi, na mara nyingine ni watu wale wale.

Niliwapa kidato cha tatu kazi: kila mmoja atunge ubeti mmoja wa tarbia, ule wa mishororo minne, kuhusu kitu cha asili kinachoonekana akiwa mlangoni kwao. Madaftari yalipokuja, karibu nusu yalikuwa na "mvua za vuli". Wadau, sisi kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Vuli hatuna. Mtoto ameikuta kitabuni, akaona mashairi ndiyo yanavyoandikwa, akaiacha mvua yake mwenyewe inayomnyeshea. Mmoja ameandika theluji.

Binti mmoja aliandika hivi. Amenikubalia niulete, na mama yake pia, ila bila jina:

*Nina huzuni moyoni, bahari naitazama,*
*Mawimbi ya baharini, yaja yakirudi nyuma,*
*Upepo toka kusini, wavuma na kunguruma,*
*Baba uko safarini, watoto tunalalama.*

Mizani imetimia, vina vimekaa, nikampa alama zake. Lakini niliporudia kuusoma nikaona haunigusi popote. Huzuni imeshatajwa kwenye neno la pili, kwa hiyo mishororo mitatu iliyobaki haina kazi ya kufanya. Na bahari yenyewe ni bahari ya popote.

Nikamwita pembeni. Sikumtajia taswira wala tashbihi, nilimuuliza tu: baba akiwa hayupo, ukifungua mlango asubuhi unaona nini? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ile kamba ya nyavu, sasa hivi mama anaanikia kanga." Nikauliza kingine. "Kwenye ngalawa kumeingia kaa." Nikamwambia aende akaandike hayo hayo. Jumatano akaniletea huu:

*Kamba ya nyavu uani, leo imebeba kanga,*
*Kaa yumo ngalawani, achotachota mchanga,*
*Maji mafu ya dikoni, hayakuleta matanga,*
*Mama yuko barazani, vikombe sita apanga.*

Baba yake amekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, upande wa Songosongo, tangu upepo wa kusi uliposhika. Nyumbani wamebaki watu watano.

Nimeusoma darasani, na darasa ambalo kwa kawaida nalinyamazisha kwa chaki lilinyamaza lenyewe. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, matanga gani?" Hapo ndipo na mimi nilipousikia ule mshororo. Binti alikusudia tanga la chombo, matanga mengi. Lakini masikio yetu yote yalisikia na matanga ya msiba. Chombo hakijarudi, na habari mbaya nayo haijaja. Mshororo mmoja umebeba kungoja na kuogopa kwa pamoja, na mtunzi ana miaka kumi na saba.

Swali langu kwenu: hisia ile imetoka wapi? Neno huzuni limeondoka. Kulia hakumo, moyo haumo. Mimi nina wazo langu, kwamba imekaa kwenye vitenzi, lakini nataka kuwasikia kwanza.

---

BintiNanguruwe
Ijumaa, saa 3:41 usiku

Vikombe sita. Nimesoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena nikampigia baba.

---

Mwanadagaa (Lindi)
Ijumaa, saa 4:05 usiku

Mwalimu, mimi ni mvuvi, mashairi nayasikia redioni tu. Lakini naomba niulize kwanza: kama baba amekwenda dago, mbona ngalawa ipo pwani?

---

MwalimuWaGhubani
Ijumaa, saa 4:11 usiku

Swali zuri, kaka, na mimi nilimuuliza. Amekwenda kama baharia kwenye boti ya tajiri. Nyavu zake amezibeba, ngalawa kaiacha.

---

Mwanadagaa
Ijumaa, saa 4:38 usiku

Basi imekaa sawa. Sasa nitasema ninachokijua.

Huyo binti hakuandika maji mafu kwa kupendezesha. Maji mafu ni siku ambazo mwezi ni nusu. Bahari haikupwi sana wala haijai sana, inacheza hapo hapo katikati. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanakimbia mpaka mbali na yanarudi kwa nguvu, mtu anaona kabisa kwamba kitu kimeondoka na kitu kimekuja. Maji mafu hayana habari ya kuleta. Ukiwa na mtu uliyemngoja, zile siku ni ndefu. Nimesoma mshororo ule nikauona mwezi wa nusu juu ya Kitunda, na yeye mwezi hakuutaja.

Jambo la pili. Nyinyi watunzi mmeuzoea mwezi mpevu, mbalamwezi, wapendanao wanatembea ufukweni. Sisi wa dagaa tunavua kwa taa. Dagaa wanaifuata taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa zetu hazina maana, tunafunga vyombo, tunakaa nyumbani bila hela. Mwezi ukizama na giza likawa totoro, hapo ndipo diko zima linachangamka, unasikia watu wanaitana, mashine zinawashwa. Mtoto wangu mdogo akiona giza anafurahi, anajua kesho kuna uji wa maziwa. Siku mtu akitunga shairi la giza hivi tulivyo sisi, mniite nije kulisoma.

---

Ukwapi_na_Utao
Jumamosi, saa 1:02 asubuhi

Mwanadagaa, ulichoandika hapo juu ni mhadhara mzima. Nimekinukuu kwenye daftari langu.

Nasoma fasihi chuoni, mwaka wa mwisho, na nina mambo mawili kwa mleta uzi, moja la kuunga mkono na moja la kupinga.

La kuunga mkono: T. S. Eliot, mshairi na mhakiki, aliandika mwaka 1919 kwamba hisia katika sanaa haitangazwi. Mtunzi anatafuta vitu, hali na matukio ambayo msomaji akiyapata tu, hisia inaamka yenyewe. Kamba ya nyavu iliyobeba kanga ni kitu cha namna hiyo. Binti yako amelifikia bila kumsoma.

La kupinga: tusimpe sifa ya "matanga" kama hakulikusudia. Ni bahati. Na nina tahadhari nyingine. John Ruskin, Mwingereza, mwaka 1856 aliwalaumu washairi wanaoipa asili hisia za binadamu: povu la bahari linakuwa katili, mawingu yanalia. Alisema mtu anayefanya hivyo amezidiwa na huzuni yake mpaka haoni tena kitu kilivyo. Mashairi yetu ya mandhari yamejaa jambo hilo. Kila bahari ina hasira na kila mti una majonzi. Je, tashihisi si ndiyo inayotuua?

---

MwalimuWaGhubani
Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Ahsante sana. Nianze na hilo la Ruskin, kwa sababu limenigusa mahali ninapopapenda.

Lawama yake inaingia vizuri kwa bahari yenye hasira na mti wenye majonzi. Hapo tuko pamoja. Lakini angalia Kiswahili chenyewe kabla mshairi hajakigusa. Jua linatua, kama mtu anayetua mzigo. Mwezi unaandama. Upepo unakata. Bahari inachafuka. Maji yanakufa, ndugu yetu Mwanadagaa ameeleza yanavyokufa. Mvuvi akisema bahari imechafuka hajaipa hisia zake, ametaja kazi. Lugha imeshaweka uhai ndani ya asili, na mshairi anaupata tayari. Kwa hiyo mimi sioni kama tatizo ni tashihisi. Tatizo ni kuongeza uhai wa pili juu ya ule uliopo: bahari imechafuka, halafu ina hasira, halafu inalia.

Sasa nitoe wazo langu la vitenzi, maana ndilo lililonifanya nisilale.

Chukua mnazi mmoja pale Shangani, umelala kidogo kuelekea maji. Ukisema *mnazi umeinama*, umetaja umbo tu. *Mnazi umeinamishwa*: pana aliyeuinamisha, pana kusi la miaka yote, na msomaji anaanza kuuonea huruma. *Mnazi umeinamia maji*: ghafla kuna ukaribu, kama mama juu ya mtoto. Mnazi ni ule ule, mchanga ni ule ule, wala sikuongeza kivumishi hata kimoja. Herufi chache katikati ya kitenzi zimebadilisha hali yote ya shairi. Lugha yetu inampa mshairi chombo chenye makali namna hii, na sisi tunakiacha sandukuni tunakwenda kukopa maneno kama "majonzi" na "simanzi".

Turudi kwa binti. *Achotachota.* Angeandika "achota mchanga" (ukiacha mizani), kaa angekuwa anafanya kazi ya dakika moja. Kurudiwa kwa kitenzi kumeleta siku nyingi. Kaa huyo hana haraka, ana uhakika kwamba hakuna atakayekuja kusukuma ngalawa. Kutokuwepo kwa baba tumeambiwa na kaa.

Na *imebeba*. Kamba iliyozoea kubeba nyavu zenye maji na chumvi, leo imebeba kanga. Kanga ni nyepesi. Ukiwahi kuinua wavu uliolowa utajua ninachosema.

Kuhusu matanga na bahati: mtunzi aliliacha neno pale, akalisikia darasani, na nilipomuuliza kama anataka kulibadili akasema hapana. Kwangu mimi aliyeamua kulibakiza amelikusudia.

---

Ukwapi_na_Utao
Jumamosi, saa 3:52 asubuhi

Hilo la mnazi nimelikubali. La matanga naliacha, hoja yako ya kubakiza ina nguvu.

---

Mama_wa_Kitangari (Newala)
Jumamosi, saa 8:15 mchana

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Nimesoma habari ya kitenzi nikakumbuka kwetu. Waliofika Newala wanajua ukingo wa nyanda za Makonde, pale mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Unasimama juu, bonde linafunguka chini yako mpaka Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Wageni wanapiga picha. Kila aliyeandika kuhusu pale anaandika kwamba bonde linashuka, linatelemka, linatandaa, na hisia inayokuja ni utulivu, ukuu wa Mungu, na kadhalika.

Bibi yangu alizaliwa enzi ambazo maji juu huku yalikuwa shida kubwa. Wanawake waliteremka kwenye chemchemi za bondeni usiku wa manane, wakapanda alfajiri na mtungi kichwani. Sijawahi kumsikia bibi akisema bonde linashuka. Alisema *linapanda*. Kwake lile bonde lilikuwa mlima.

Mimi si mtunzi, ila niliandika hivi siku tulipomzika, na sikuwahi kumwonyesha mtu:

*Mgeni anasema bonde linashuka.*
*Bibi yangu alisema linapanda,*
*mtungi kichwani,*
*shingo ikihesabu mawe.*

Hakuna vina, mnisamehe.

---

MwalimuWaGhubani
Jumamosi, saa 8:40 mchana

Dada, usiombe msamaha. "Shingo ikihesabu mawe." Miguu ndiyo inayoyakanyaga, lakini shingo ndiyo inayolipa kila jiwe. Naomba ruhusa niyapeleke darasani Jumatatu.

---

Mama_wa_Kitangari
Jumamosi, saa 8:58 mchana

Yapeleke. Waambie tu ni ya bibi.

---

FundiVina
Jumamosi, saa 10:20 jioni

Naheshimu msiba wa dada yetu, na mistari yake ina picha nzuri. Ila tusianze kuita hilo shairi. Shairi la Kiswahili lina vina na mizani, hayo ndiyo yanayolitenga na maneno ya kawaida.

---

Ukwapi_na_Utao
Jumamosi, saa 10:33 jioni

Mkuu, ugomvi huo wa wanamapokeo na wanausasa una zaidi ya miaka hamsini, ulipamba moto miaka ya 1970 na magazeti yakajaa. Tukiufungua hapa, uzi wa mwalimu utapotea. Niongeze moja tu linalohusu mada. Mizani yenyewe ni sehemu ya picha. Kwenye ubeti wa binti, kila mshororo unapumzika katikati, nane kwa nane. Ukwapi, ile nusu ya kwanza, unaleta kitu, na utao, nusu ya pili, unatuambia kimefanya nini: kamba, kisha kanga, maji mafu, kisha matanga. Kile kituo cha katikati kinafanya kazi ya mtu anayetazama, ananyamaza, anatazama tena. Kwenye mistari ya dada wa Newala, kituo kipo baada ya "mtungi kichwani". Mstari umekatika mfupi, pumzi imekatika. Njia ni mbili, kazi ni moja.

---

FundiVina
Jumamosi, saa 11:05 jioni

Nimekusoma. Kuhusu kituo nakubaliana nawe kabisa, na sijawahi kukisikia kimeelezwa hivyo.

---

Mkorosho_wa_Tatu (Tandahimba)
Jumamosi, saa 2:47 usiku

Naona wote mnazungumza macho. Picha kwenye shairi si ya macho peke yake. Mimi ningewaambia watunzi wa huku waanze na pua.

Sasa hivi mikorosho inachanua. Ua la mkorosho ni dogo, halina sura ya kutungiwa shairi, jeupe linaloelekea wekundu, ukipita kwa gari hulioni. Lakini harufu yake asubuhi, kabla jua halijapanda! Ni tamu, nzito kidogo, inaingia mpaka chumbani. Halafu juu yake inakuja harufu ya salfa, maana wakati huu ndio wa kupuliza ili ugonjwa wa ubwiri unga usishike maua. Harufu mbili pamoja. Moja inaahidi, nyingine inakumbusha deni la pembejeo. Mtu wa Tandahimba ukimletea harufu hizo mbili kwenye mshororo mmoja huna haja ya kumwambia ajisikie vipi. Moyo umeshakaa pale unapokaa kila mwaka mwezi wa saba na wa nane, katikati ya matumaini na wasiwasi.

Miezi miwili mitatu baadaye harufu inabadilika, ni mabibo yameanguka chini ya mti, mengine yameanza kuchacha. Hiyo ni harufu ya kelele, watoto, magunia, uraka, ile pombe ya mabibo. Furaha tupu. Mkorosho ni ule ule. Ndiyo maana mimi naona saa na mwezi ni muhimu kuliko kitu chenyewe. Mtu anayetunga "Ewe mkorosho" bila kusema ni mwezi gani hajatunga kitu.

---

Ukwapi_na_Utao
Jumamosi, saa 3:10 usiku

Mzee wa korosho, Wajapani wamekufanyia sheria ya hilo unalosema. Haiku yao, ile yenye silabi tano, saba, tano, kwa desturi lazima iwe na neno la msimu. Neno moja tu, chura au theluji au mwezi wa mavuno, na msomaji wao anajua hali ya hewa, kazi za wakati huo, hata huzuni au furaha inayokwenda nayo. Nimekuwa nikijiuliza sisi tungetumia nini. Nadhani majibu yamo humu: kusi, kaskazi, maji mafu, salfa.

---

Mwanadagaa
Jumamosi, saa 3:26 usiku

Na tanga mbili. Zile wiki upepo haujaamua, kusi limechoka na kaskazi halijafika. Chombo unakiandalia huku na huku. Watu wa dago ndipo wengi wao wanaporudi.

---

Mjukuu_wa_Mtanda (Lindi)
Jumapili, saa 4:00 asubuhi

Naandika kwa niaba ya babu yangu, amesikiliza uzi wote nikimsomea, anasema niandike kama anavyotamka.

"Waambie hao vijana mimi nilikuwa mtoto Lindi mwaka 1952, mwezi wa nne, kilipopiga kimbunga. Nimesikia watu wengi wakisimulia. Wanasema upepo ulikuwa mkali sana, wa kutisha sana, mawimbi makubwa sana. Sana, sana, sana. Ukimsikiliza mtu wa namna hiyo huogopi.

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kusimulia. Alisema: *kuku walipanda kitandani.* Basi. Kuku wetu walikuwa wa nje, walifukuzwa hata barazani. Siku ile waliingia wenyewe mpaka chumbani wakapanda kitandani, na hakuna mtu aliyewafukuza. Tulikaa nao. Mpaka leo nikiwa mtu mzima, mvua ikianza kwa upepo, naangalia kuku wako wapi."

Mwisho wa maneno ya babu. Mimi niongeze kwamba Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia na mvua ikaikata barabara kule Somanga, babu alitoka nje akatazama banda kabla ya kusikiliza taarifa ya habari.

---

MwalimuWaGhubani
Jumapili, saa 4:45 asubuhi

Shikamoo babu. Ahsante kwa kutufundisha.

"Na hakuna mtu aliyewafukuza." Nimekaa na sentensi hiyo. Hofu ya watu imo kwenye kitu ambacho hawakukifanya. Sijawahi kufikiri kwamba picha inaweza kutengenezwa kwa tendo lililokosekana, na sasa naona hata vikombe sita ni hivyo hivyo: mama hajakipunguza kimoja.

---

Mnyalu_Mtulivu (Iringa)
Jumapili, saa 9:12 alasiri

Naomba kuuliza kama mtu wa bara. Bahari nimeiona mara mbili maishani. Maji mafu nimeyajua humu jana. Diko nimelazimika kuuliza, nikaambiwa ni pale pwani vyombo vya uvuvi vinapofikia. Je, shairi likiwa limejaa maneno ya mahali, sisi wengine hamtuachi nje?

Nijibu mwenyewe kidogo kabla hamjanijibu. Mara ya kwanza niliposoma ubeti, mishororo mitatu ya mwanzo niliipita kama mtu anayepita mtaa asioujua. Nikafika kwenye vikombe sita nikasimama, kwa sababu kwetu marehemu kaka yangu aliwekewa sahani yake mwaka mzima. Kisha nikarudi juu kuanza upya, na sasa kamba, kaa na maji vilikuwa vyangu. Kwa hiyo labda inatosha mtunzi aache mlango mmoja wazi. Naona kama angeweka kitu cha pwani hata kwenye mshororo wa mwisho, ningebaki nje.

---

BintiNanguruwe
Jumapili, saa 9:30 alasiri

Pole kwa kaka, ndugu yangu.

Na mimi nadhani ndiyo sababu mama amewekwa mwisho. Tumetoka uani, tukaenda pwani kwenye ngalawa, tukafika kwenye maji yenyewe mpaka mbali kabisa, halafu tumerudishwa nyumbani. Jicho limekwenda kumtafuta baba halikumkuta. Likirudi, linakuta kikombe chake.

---

MwalimuWaGhubani
Jumapili, saa 10:02 jioni

Mpangilio huo sikuuona kabla hujausema, dada. Jicho limetoka na kurudi. Nimeusoma ubeti huu labda mara hamsini na nilikuwa nautazama neno kwa neno.

---

FundiVina
Jumapili, saa 2:18 usiku

Mwalimu, nina pendekezo kwa binti, kwa heshima zote. Ubeti mmoja hautoshi, lazima aendelee. Kwenye ubeti wa pili kile kikombe cha sita akioneshe kimepinduliwa mdomo chini. Ni picha kali, kila mtu anajua maana ya chombo kilichopinduliwa. Kitakuwa kilele. Na kina cha mwisho, *-anga*, kimeshatumika, abadili.

---

Ukwapi_na_Utao
Jumapili, saa 2:31 usiku

Kikombe kilichopinduliwa ni picha nzuri kweli. Naunga mkono.

---

Mwanadagaa
Jumapili, saa 2:55 usiku

Mimi siungi mkono, ila sijui kueleza kwa nini.

---

MwalimuWaGhubani
Jumanne, saa 1:40 usiku

Wadau, samahani kwa kuchelewa. Jana nilisoma mistari ya bibi wa Newala darasani, na vijana wawili wanaotoka juu huko waliomba kuinakili.

Leo nimemwonyesha binti uzi wote. Amesoma polepole, aliposoma maneno ya Mwanadagaa kuhusu mwezi wa nusu akatabasamu, akasema ni kweli, siku zile mwezi ulikuwa nusu. Alipofika kwenye pendekezo la FundiVina akasoma mara mbili. Nikamwambia ni pendekezo zuri kutoka kwa mtu anayejua kutunga, ana uhuru wa kulichukua.

Akasema, "Mwalimu, mama hakipindui. Anakitia chai."

Nikamuuliza, na chai ile inakuwaje? Akasema inapoa, sisimizi wanakuja, asubuhi mama anakiosha pamoja na vingine.

Akaomba kalamu. FundiVina, kina cha mwisho amebadili kama ulivyoshauri:

*Cha sita ki mkekani, chatiwa chai, chapoa,*
*Sisimizi safarini, chembe wanazichopoa,*

Mkikumbuka, kwenye ubeti wake wa kwanza kabisa aliyekuwa safarini ni baba.

Mishororo miwili iliyobaki nilimwambia amalizie nyumbani. Amesema hapana, ataiandika tanga mbili, boti zikirudi.